Kazi Hainunuliwi: Maneno kwa Vijana Wanaotafuta Kazi Mwisho Huu wa Mwaka

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Lubumbashi, Desemba 2025

 

Hatutakuwa warefu sana, maana mawingu muko mnayaona wenyewe, na mvua ikianza tu, bei ya taksibisi inapanda. Leo hatusemi juu ya umeme wala maji. Tunasema juu ya kazi: namna ya kuitafuta wakati huu mbaya wa mwaka bila kuibiwa, na namna ya kuianza mwezi wa kwanza bila kufungwa kamba shingoni.

Desemba katika mji wetu ni mwezi wa pekee. Kontra nyingi za kampuni za sutretansi, zile zinazopeleka watu kufanya kazi kwenye migodi, zimeandikwa kuisha tarehe 31 Desemba. Kuanzia katikati ya mwezi, maofisi yanalala. Ukipeleka dosye, sekretere anakuambia "rudi kisha Bonane". Nyumbani bei ya unga wa bukari imepanda kama kila msimu wa mvua, na mwezi wa kwanza mdogo wako wa sekondari atafukuzwa darasani kama minerval haijalipwa. Tena, kila mutu anayekuja kusalimia kwa Noeli anauliza neno moja: "Na weye, ulishapata kazi?" Kijana mwenye kuulizwa hivyo mara kumi kwa juma ni kijana aliye tayari kuamini kitu chochote.

Komisionere anajua hiyo. Tunamwita komisionere, lakini wote tunamfahamu. Anavaa vizuri, anasema yuko na yaya yake ndani, kwenye ofisi ya wafanyakazi. Anakukuta kwenye kona, anasema polepole: "Weye leta kwanza dola mia mbili, jina yako itatoka mu liste ya mwezi wa kwanza." Wengine anawaomba mia tatu, wengine mia tano, kufuatana na namna anavyoona viatu vyako. Mama anauza mashini ya kushona. Baba anakopa kwa riba. Na feza inaondoka.

Tufikirie pamoja huyu mutu anaishi na nini. Anaishi na viti vinavyobaki wazi. Kiti chenye mutu ndani yake hakimletei kitu. Kikibaki wazi tarehe 31 Desemba, ni bidhaa mpya kwa soko lake. Kwa hiyo yeye na yule yaya yake wa ndani wako na faida kubwa kuona kontra zinakuwa fupi, miezi mitatu mitatu, ili kiti kimoja kiuzwe mara tatu au mara ine kwa mwaka. Weye uliyelipa mwezi wa kwanza, ni weye utakayeondolewa mwezi wa ine ili mwingine alipe. Ulidhani umenunua kazi, kumbe umelipa kodi ya kiti cha miezi mitatu, na kodi yenyewe ulilipa mbele.

Tunasikia tayari jibu lenu. Kila mara tunapolisema jambo hili, kijana mmoja ananyoosha mkono: "Sawa, mimi nikikataa kulipa, mwenzangu atalipa, na mimi nitabaki na haki yangu na njaa yangu." Hatutadanganya mutu hapa. Ni kweli kwamba kuna milango ambayo kwa leo inafunguliwa tu na feza, na kijana anayekataa anaweza kupita Bonane bila kazi. Lakini angalia namna anavyoingia yule aliyelipa. Anaingia na deni, na kama analipwa mshahara wa chini, miezi miwili ya kwanza inakwenda kwa deni hilo. Siku wanapomwambia afanye saa za nyongeza bila malipo, hawezi kufungua kinywa, kwa sababu wanaomsimamia wanajua aliingia kwa mlango gani. Siku anaumia mguu kazini, anaficha. Hana mtu wa kumlalamikia. Aliyenunua kazi yeye mwenyewe ananunuliwa. Tumewaona wengi hivi kule Kolwezi, tena wako na diplome nzuri.

Kwa hiyo tunaomba kitu kimoja kinachowezekana: msilipe, na mkiombwa feza, msikae kimya peke yenu. Andika siku, andika saa, andika namba ya simu iliyotumwa, hifadhi ujumbe wa WhatsApp. Kijana mmoja akilalamika anaitwa muongo. Vijana kumi na wawili wakileta ujumbe wenye namba moja ya simu, hapo komisionere njo anaanza kutafuta wakili.

Kuna na wezi wa simu, ambao wenyewe hata hawana yaya ndani. Wanachukua alama ya mgodi mkubwa, wanaandika tangazo la kazi la kuvutia, wanalitupa kwenye makundi ya WhatsApp. Madereva 50, walinzi 80, bila masomo, mshahara mzuri. Kisha: tuma feza ya dosye kwa M-Pesa au Airtel Money. Hapa hakuna mjadala mrefu. Tangazo linaloomba utume feza kwenye simu ya mutu ni la wizi. Tena lile lenye kusema "zimebaki nafasi tatu tu, tuma leo" ni la wizi mara mbili. Kabla ya kulirusha kwa wenzako, fanya kazi ndogo ya kuuliza: kampuni hii ofisi yake iko wapi, mtu anaweza kwenda kuuliza? ONEM, ofisi ya taifa ya kazi, iko hapa mjini. Nendeni mjiandikishe pale kama watafuta kazi. Hatusemi watawapa kazi kesho. Tunasema ni haki yenu, na ofisi ya Serikali isiyoona watu mlangoni inazoea kusinzia.

Juu ya dosye yenyewe, maneno machache. Original ya diplome ya Leta haiachwi kwa mutu, hata akisema ni kwa siku moja. Unaonyesha original, unaacha kopi. Karte ya mchaguzi, ambayo kwetu njo kitambulisho, vilevile. Barua moja iliyopigwa kopi mara arobaini na kupelekwa kila mahali haisomwi. Afadhali barua tano, kila moja ikisema jina la kazi unayoomba na kile ulichokwisha kufanya kwa mikono yako. Uliuza mafuta sokoni miaka miwili na kushika hesabu? Andika. Uliendesha moto bila ajali? Andika. Vijana wetu wanaona haya kuandika kazi za mtaani, wanaacha karatasi nyeupe chini ya diplome, na mwenye kusoma anadhani ni mutu aliyelala miaka mitatu. Na kipindi hiki ambapo maofisi yamelala, ulizeni INPP mafunzo yanayoanza mwezi wa kwanza. Soude, umeme, udereva wa mashini kubwa: kijana mwenye fundi mikononi anatafutwa, hata na wale ambao hawapendi uso wake.

Sasa dada zetu. Neno hili tunalisema wazi mbele ya ba papa na ba mama, kwa sababu kulinong'ona njo kunalifanya liendelee. Dada wengi hawaombwi dola mia mbili. Wanaombwa kitu kingine. "Njoo tuzungumze dosye yako jioni." Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inasema mutu anayetumia cheo chake kumsumbua mwingine ili apate mwili wake anaadhibiwa kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 12. Miaka kumi na miwili, si faini ya pombe. Dada akiitwa kwa mahojiano ya kazi hoteli au jioni, aende na mtu, au asiende. Na ninyi kaka zake, akija kuwaeleza, msianze na swali "ulivaa nini?" Anzeni na kusikiliza.

Haya. Tuseme Mungu amesaidia, jina limetoka, unaanza mwezi wa kwanza. Hapa njo pahali watu wengi wanapoteza, kwa sababu ya furaha. Kijana aliyekaa miaka mitatu bila kazi, wakimpa karatasi, anaweka saini kabla hajasoma. Wengine wanaweka saini kwenye karatasi yenye nafasi tupu. Wengine hawapewi karatasi kabisa, na wanaogopa kuomba.

Kodi ya kazi ya Kongo, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 pamoja na mabadiliko ya 2016, haikuandikwa kwa ajili ya mapatroni peke yao. Inataka kontra iwe ya maandishi. Tena inasema kontra isipoandikwa, inahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho, mpaka patroni aonyeshe vingine, na wewe unaweza kuthibitisha kazi yako kwa njia zote: mashahidi, ujumbe wa simu, beji, picha. Kwa hiyo mutu anayekuambia "huna karatasi, huna haki" anakudanganya kabisa.

Kipindi cha majaribio, kile tunaita ese, lazima nacho kiandikwe. Kwa mfanyakazi wa mikono asiye na ufundi hakipiti mwezi 1. Kwa wengine hakipiti miezi 6. Kijana anayeambiwa "uko bado ku ese" mwaka mzima hayuko ku ese, ni mfanyakazi kamili anayelipwa kama mgeni. Kontra yenye tarehe ya mwisho haiwezi kupita miaka 2, na inarudishwa upya mara moja tu, isipokuwa kwa kazi za msimu na kazi chache nyingine zilizotajwa. Na kama kazi yenyewe ni ya kudumu, kontra nayo inapaswa kuwa isiyo na mwisho. Angalieni sasa hizi kontra za miezi mitatu zinazorudishwa mara sita, mara saba, kwa mutu yuleyule kwenye mashini ileile. Muko munaelewa.

Halafu ba jurnalie, wale wa siku kwa siku. Ninyi njo wengi zaidi hapa, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Sheria inasema: ukifanya siku 22 za kazi katika muda wa miezi 2, na wanakuchukua tena kabla ya miezi hiyo 2 kuisha, hapo unahesabiwa tayari uko na kontra isiyo na mwisho. Ukiona patroni anakusimamisha siku ya 20 au ya 21, anakuita tena mwezi wa tatu, ujue huyo anahesabu vizuri. Na weye anza kuhesabu. Nunua kaye ndogo, ile ya mtoto wa shule. Kila jioni andika: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, pahali, jina la aliyekusimamia, feza uliyopewa. Kaye hiyo inagharimu kidogo kuliko bia moja, na mbele ya inspektere wa kazi ina nguvu kuliko kilio.

Mshahara nao. Kwa miaka mingi SMIG, mshahara wa chini kabisa wa siku moja, ilibaki 7.075 franki, tangu 2018. Mwaka 2025 Serikali iliipandisha kufika 14.500 franki, na kuanzia Januari 2026 inakuwa 21.500 franki kwa siku kwa mfanyakazi wa kawaida asiye na ufundi. Pigeni hesabu kwa siku 26: 14.500 inatoa 377.000 kwa mwezi, 21.500 inatoa 559.000. Ndiyo kusema anayeanza mwezi wa kwanza na kontra iliyoandikwa kwa bei ya zamani anaibiwa 182.000 franki kila mwezi, kwa saini yake mwenyewe. Tunajua wako mapatroni wadogo, mwenye duka la Kenya, mwenye karakana ya Katuba, ambao watasema hawana uwezo, na wengine wanasema kweli. Mazungumzo na hao ni mengine. Lakini kampuni inayolipwa na mgodi kwa dola, na inayolipa kijana chini ya SMIG, hiyo haina la kutuambia. Sheria ya 2017 ilisema sutretansi ni ya kampuni ambazo mtaji wao mwingi ni wa Wakongomani. Tuliifurahia, na tunaifurahia bado. Ila patroni Mkongomani anayemnyonya Mkongomani hajaleta kitu kipya.

Kwenye fishi ya mshahara angalia mstari wa CNSS. Wanakukata asilimia 5, na patroni analipa 13 juu yake. Uliza namba yako ya CNSS. Si kila anayekukata anapeleka.

Tumesema haki, tusijifiche nyuma yake. Mutu anayejua sheria yote na anafika saa mbili na nusu wakati kazi inaanza saa moja, atatuharibia jina sisi wote. Kama unakaa Rwashi na kazi iko upande wa pili wa mji, siku ya Jumapili kabla ya kuanza fanya safari hiyo uone inachukua muda gani, halafu ongeza muda wa mvua. Juma la kwanza uliza sana. Mgeni anayeuliza hachekwi, anayechekwa ni yule wa mwezi wa sita ambaye hajui bado. Jina la mwenye kukupa amri ulijue, na ukipewa amri mbili zenye kupingana na watu wawili, mwambie kila mmoja mbele ya mwenzake. Kofia ya chuma, viatu, miwani, viko kwa ajili ya macho na mifupa yako. Usiingie kwa sababu wa zamani wanaingia bila hivyo na wanakucheka.

Na kuna mtihani utakaokuja mapema, pengine juma la pili. Mwenzako atakuambia: usiku tunatoa mazutu kidogo, bidoni mbili tatu, wote wanafanya, shefu anajua. Sisi ambao tunabeba mabango tukisema viongozi wanaiba mali ya nchi, hapo tutajibu nini? Ukikataa, hawatakupenda. Ukikubali, umewapa dawa ya kukufukuza siku yoyote watakapotaka, bila malipo ya mwisho na bila karatasi ya kuonyesha ulifanya kazi. Tunasema kataa, na usihubiri. Kataa tu, rudi kwenye kazi yako.

Mshahara wa kwanza usiule mbele. Bonane imeishapita, watu wa nyumbani wanajua umepata, kila mmoja atakuja na shida yake, na shida zote ni za kweli. Waeleze mapema, tangu sasa, kwamba miezi miwili ya kwanza kuna usafiri, chakula cha mchana, viatu. Ba mama muko hapa, mtusaidie kulieleza hilo kwa ba shangazi.

Patroni akivunja sheria, njia iko. Anza na delege wa sindika kama yupo. Asipokuwepo, au akiwa amelala na patroni kitanda kimoja, peleka malalamiko ya maandishi kwa Inspeksyo ya kazi. Hata Tribinali ya kazi haipokei shauri ambalo halijapita kwanza kwa inspektere kwa kujaribu kupatanisha. Usiende peke yako. Nendeni watatu, wanne, kila mmoja na kaye yake, na mdai karatasi yenye muhuri wa mapokezi.

Kwa upande wetu, barua tatu zimekwisha kuandikwa na zitapelekwa kabla ya Noeli. Ya kwanza inaomba Inspeksyo ya kazi itembelee kampuni za sutretansi mwezi wa kwanza wenyewe, wakati kontra mpya zinawekwa saini, si mwezi wa sita wakati waliofukuzwa wamekwisha kurudi vijijini. Ya pili inaomba ONEM ibandike matangazo ya kazi ukutani, nje, pahali kijana asiye na intaneti anaweza kusoma. Ya tatu ni kwa kampuni zenyewe: zitangaze majina ya waliochukuliwa na namna walivyochaguliwa. Katiba, kwenye artikle 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani. Hatuombi wema wa mutu. Tukikosa jibu mpaka katikati ya Januari, tutakwenda kukaa chini mbele ya milango hiyo, kwa amani, bila jiwe hata moja, kama mnavyotujua.

Meza mbili ziko pale nyuma. Kwenye ile ya kushoto, mwenye kontra ya kuonyesha ailete tuisome pamoja mstari kwa mstari, na jina lako halitatoka hapa. Kwenye ile ya kulia, dada wawili wanapokea wale walioombwa feza au kitu kingine. Mnaweza kuongea nao pembeni. Tutabaki mpaka saa kumi na moja. Wenye kukaa mbali, anzeni ninyi, mvua isiwakute njiani.